Kulaza Udongo

Wengi wa hapa Korogwe mliniuliza mwaka ule nilikwenda kufuata nini Iringa na Mbeya, mwanamke niliyeachika, sina ndugu huko wala biashara. Nilikuwa nikiwajibu kwa kicheko. Wengine mlishajitungia jibu lenu, kwamba nimepata mchumba wa reli, nami sikuwakatalia kwa sababu lilinipendeza. Leo nitasimulia safari yenyewe tangu mwanzo.

Sababu ilikuwa shamba la Mama. Mnalijua, lile la mteremkoni linalopakana na mkonge, lenye udongo mwekundu. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukipotea ndani ya mahindi yake. Miaka ile ya sabini yalikuwa yakifika magotini, yanageuka njano, yanasimama hapo hapo. Mbolea ya mfuko ilikuja msimu mmoja, tukavuna, tukashangilia. Msimu uliofuata haikuja, na shamba likatununia kuliko mwanzo.

Mdogo wangu Omari, fundi umeme Dar es Salaam, alikuja baada ya masika, akaona ghala lilivyo, akanivuta pembeni. "Dada Hawa, vuli ikianza na hali ni hii, namchukua Mama. Chumba nimeshamtengea, na godoro jipya." Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mtu mbaya ningemjibu. Lakini Mama alikuwa hajalala hata siku moja mahali ambapo hawezi kuamka akatoka kutazama mimea yake, na mimi niliamini kwamba akiwekwa kwenye chumba cha Magomeni tutamzika upesi.

Nilikuwa na rafiki, Tumaini, Mhehe, tuliyesoma naye kozi ya elimu ya watu wazima. Aliwahi kunieleza kwamba mama yake, jirani na Kalenga, analima kiangazi kizima kwa majani matupu, bila mfuko hata mmoja wa mbolea. Nikamwomba aniulizie kama naweza kwenda kumfanyia kazi, nisilipwe, nipewe tu pa kulala na chakula, nijifunze. Jibu lilikuja kwa neno moja: niende. Kilichobaki ni kurudi kabla ya vuli, nikiwa na kitu cha kumwambia Omari.

Alfajiri ya siku ya kuondoka Mama alinisindikiza mpaka barabarani. Alinitengeneza kanga kichwani kana kwamba nakwenda harusini, akasema, "Ukifika uwaulize kama na wao wana mchwa." Basi likaja, nikapanda.

Baada ya Morogoro barabara ilinyooka, mpya, nyeusi, na mimi nikaanza kuota macho yakiwa wazi. Mikumi twiga walivuka mbele yetu bila haraka yoyote. Dereva akazima injini, abiria wote tukanyamaza, hata mtoto aliyekuwa akilia tangu Chalinze. Kisha miti ya mibuyu, kisha mto, na jua lilipoanza kulegea tukaanza kupanda mlima Kitonga. Lori lililotutangulia lilikwenda taratibu mno, nikaweza kuhesabu maua ya porini kando ya lami. Kila kona hewa ilizidi kuwa baridi, na nilipotazama chini niliona tulikotoka kumejaa ukungu wa buluu. Nilihisi kama nimekufa vizuri na sasa napelekwa mahali.

Iringa mjini nililala nyumba ya wageni, nimejifunika kila nguo niliyokuwa nayo.

Asubuhi ya pili nilifika kijijini. Mama Tumaini alikuwa mjane mrefu, Mlutheri, mwenye kucheka kwa pua. "Kamwene," alinisalimu kwa lugha yake, akanishika mikono yote miwili, akanikalisha jikoni karibu na moto. Alijua mimi ni Muislamu. Kwa hiyo kabla ya kumkamata kuku alimtuma mtu ng'ambo ya mto akamwite mzee Muislamu aje kuchinja, na mzee akaja na kisu chake, akachinja, akabaki kula. Balozi wa nyumba kumi naye alipita kuuliza mgeni ni nani. Aliposikia nimetoka Korogwe kuja kulima bure alinitazama sana, kisha akamtazama Mama Tumaini, kisha akaomba chai.

Sasa ikaja taabu ambayo sikuitazamia. Sikupewa jembe.

Nilikula, nililala, nilipashiwa maji ya kuoga. Nikiinuka kwenda bondeni naambiwa nikae. Nikishika ndoo inachukuliwa. "Mama, tulikubaliana nifanye kazi," nilisema.

"Tulikubaliana," alinijibu. "Lakini watu wakikuona bondeni na jembe, watasema mama huyu mgeni wake anamlimisha. Mimi nitaweka wapi uso?"

"Mpaka lini nitakuwa mgeni?"

"Mpaka watu wazoee sura yako. Jumapili tutaenda kanisani, utakaa nje, watu watakuona, watakusalimu. Halafu tutaona."

Nikakaa nje ya kanisa Jumapili ile, kwenye nyasi, nikisikiliza nyimbo zikitoka madirishani. Watu walipotoka walinisalimu mmoja mmoja, mstari mzima, kama maharusi wanavyopongezwa. Kesho yake asubuhi jembe lilikuwa limeegemezwa mlangoni kwangu, mpini wake umekatwa upya kwa kimo changu.

Bonde lenyewe sitalisahau. Wao bustani zile za mabondeni huziita vinyungu. Juu mlimani nyasi zimekauka kwa kiangazi na kila kitu ni rangi ya simba, lakini ukishuka unakuta kijani, matuta mapana yamepangana, na mifereji ya maji baina yake, maji yanayokwenda polepole hata majani yaliyoanguka hayajui yanapelekwa wapi. Asubuhi ukungu hulala juu ya matuta. Unamsikia jirani anakohoa, unasikia jembe lake, humwoni. Ukungu ukiinuka, unakuta kumbe alikuwa karibu nawe muda wote.

Kazi ilikuwa hivi. Tunafyeka nyasi mbichi, tunazilaza chini kwa mstari, kisha tunachimba udongo wa pande zote mbili na kuzifunika, mpaka linakuwa tuta. Halafu tunaliacha. Tuta likishafunikwa halikanyagwi na halipandwi. Wanasema limelala. Hata nilipokuwa nikiimba karibu na matuta yale, mama mmoja aliniambia kwa utani nitayaamsha.

Nilivumilia kadiri nilivyoweza. Lakini mawingu ya vuli ya Korogwe nilikuwa nayaona kichwani kila nilipofumba macho, na Omari chini yake ameshika begi la Mama. Siku moja nikamwomba Mama Tumaini nipande mahindi kwenye tuta jipya, nione. Nilitazamia akatae.

"Panda," alisema. "Kipande kile cha mwisho. Ukipanda chote tutalala njaa."

Nikapanda. Mahindi yalichipua vizuri, nikafurahi, nikawa nashuka kuyatazama kabla hata ya chai. Kisha yakasimama. Yakageuka njano, njano ile ile ya mteremkoni kwa Mama, mpaka nikajiona kama nimesafiri njia yote ile kuja kulikuta shamba letu limenitangulia. Nilikaa kwenye mfereji nikalia kama mtoto.

Mama Tumaini alishuka, akachuchumaa, akafukua tuta kwa mkono. Ndani nyasi zilikuwa bado zinaonekana, zimelowa, zina joto. "Shika," alisema. Nikashika, ni joto kweli. "Udongo bado unakula. Wewe umeukatiza, unataka ukupe sahani yake. Ngoja umalize."

Tuta la jirani, lililolazwa kabla sijafika, lilipopandwa lilitoa maharage ya kijani kibichi, mazito, hata ukipita yanakugusa miguu. Basi nikajua hii si hadithi. Nikamuuliza swali lililonileta: shamba la mteremkoni, lisilo na mfereji, lililochoka kama la Mama yangu, litahitaji kulala muda gani?

Alifikiri sana. "Hapa bondeni kuna maji, mwanangu. Maji yanasaidia kuozesha. Kwenu mlimani, sijui. Nisikudanganye. Nenda kwa Tumaini kule Rungwe. Baba mkwe wake alipewa ardhi mbovu, akaifufua. Yeye atajua."

Mwezi wa tisa nikaiaga Iringa. Barabara ya kwenda Mbeya ilipita kwenye misitu ya Mafinga inayonukia utomvu, ikashuka pembeni mwa Usangu. Huko tambarare ilikuwa kubwa mpaka macho yakachoka, na ng'ombe wengi, na vumbi lao limesimama angani bila kuanguka. Abiria mmoja aliniambia wachungaji wale wamehamia na mifugo kutoka kaskazini, wanatafuta majani. Nikawaza, nusu ya nchi hii inasafiri kufuata majani. Mbeya mjini nilishuka nikanywa chai, nikapanda gari la Tukuyu, na mvua ikatupokea njiani. Kule mvua haiondoki, inapumzika tu.

Tumaini alinipokea kwenye kituo, mnene kidogo kuliko zamani, amebeba mwamvuli mmoja kwa watu wawili. Mumewe, Mnyakyusa, alikuwa kazini kwenye reli. Njiani kuelekea nyumbani akanipa onyo. "Hawa, mwenzangu, kuna jambo. Baba mkwe simwoni."

"Hakuoni? Amekuwa kipofu?"

"Mimi ndiye simwoni. Huku mkamwana hakutani na baba mkwe. Nikisikia anakuja najificha. Jina lake silitaji. Njia yake siipiti. Nilipoolewa nilifikiri ni utani, siku ya kwanza nikamsalimu uso kwa uso, nyumba nzima haikula."

"Lakini mimi si mkamwana wake. Mimi nimekuja kuzungumza naye."

"Utalala kitandani kwangu, utakula chungu changu. Ameshasema, wewe pia ni mkamwana mpaka uondoke."

Nilicheka, kisha nikaona hacheki.

Nyumba yao ilikuwa katikati ya migomba. Sijui niwaelezeje. Hapa kwetu mgomba ni mgomba. Kule migomba ni nchi, na watu wanaishi ndani yake kwenye mwanga wa kijani, na matone yanaanguka kutoka jani hadi jani muda mrefu baada ya mvua kwisha. Ng'ombe walilala ndani, upande wao. Asubuhi kazi yangu na Tumaini ilikuwa kubeba samadi yao kwa vikapu, kuimwaga kwenye mashina, na kuifunika kwa majani makavu ya migomba. Chakula changu kilikuwa ndizi za kupika wanazoziita mbalaga, na maziwa mgando, nami sikuwa na neno.

Na katikati ya kazi hiyo tunasikia kikohozi. Ni yeye. Kikohozi kimoja kirefu, kwa adabu, cha kututahadharisha. Tumaini anatua kikapu, ananivuta, tunajibanza nyuma ya mashina tumeinama. Mzee anapita. Nilichowahi kumwona ni ncha ya koti la mvua na fimbo. Akishapita tunarudi kwenye samadi. Siku nyingine alipita mara nyingi mpaka nikadhani anatufanyia kusudi.

Kisha nikagundua kwamba anatufundisha. Alikuwa akisimama mbali, tusipoonana, na kuzungumza na ng'ombe wake mmoja, mweusi, kwa Kiswahili, lugha ambayo nina hakika ng'ombe yule hakuisoma. "Wewe ng'ombe, samadi hii watu wanaweka karibu sana na shina. Shina itaungua. Wasogeze kidogo, hatua moja." Sisi huku nyuma ya majani tunasogeza hatua moja.

Basi nami nikajipa moyo. Asubuhi moja yenye ukungu mzito, niliposikia kikohozi, nilijibanza, lakini sikunyamaza. Tumaini alinishika kanga, nikamwondoa mkono.

"Ng'ombe," nilisema, "mama yangu ana shamba mteremkoni. Udongo mwekundu, umechoka, maji hakuna. Ndugu yangu anataka kumhamisha mjini vuli ikianza. Shamba kama hilo huchukua muda gani kuamka?"

Matone yakaendelea kuanguka. Nilisikia ng'ombe anatafuna. Nilifikiri nimeharibu, kwamba nyumba haitakula tena kwa ajili yangu.

Mzee akakohoa. "Ng'ombe," alisema taratibu, "hapa unaposimama palikuwa changarawe. Walitoa udongo wote kujengea barabara ya zamani. Mwaka ya kwanza niliweka majani, ilikataa. Watu walinicheka. Mwaka ya pili ilikubali magugu. Nilifurahi kwa magugu, mke wangu alifikiri nimerukwa na akili. Mwaka ya tatu ilikubali mgomba moja. Basi kuamka ni miaka tatu, na hiyo ni mimi mwenye mvua. Mwambie huyo mama asidanganywe na mtu." Akakohoa tena. "Na kama mama yake ni mzee, mwambie pole."

Fimbo yake ikaondoka ndani ya ukungu. Tumaini alinikumbatia hapo hapo, mikono yetu imejaa samadi.

Miaka mitatu. Nilikuwa nimetafuta kitu cha kumzuia Omari, na nilichopata kilikuwa upande wake. Nilibeba vikapu siku zilizobaki kama mtu aliyelala.

Asubuhi ya kuondoka Tumaini alinisindikiza barabarani, akaniambia sasa si mkamwana tena, nikitaka nigeuke nimtazame mzee, amesimama mwisho wa migomba. Nikageuka. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Nikainama kwa heshima kuelekea kule, na kutoka ndani ya ule weupe nikasikia kikohozi.

Kutoka Mbeya nilipanda treni, reli ikiwa bado mpya na viti vinanukia rangi. Sikulala wala sikuwa macho. Madaraja na mahandaki yalipita, mwanga, giza, mwanga. Kulipokucha tulikuwa porini na tembo walisimama mbali wakiwa wamejipaka udongo mwekundu, nami nikawaonea wivu, kwamba wao udongo wanauvaa tu, hawauombi chochote.

Dar es Salaam Omari alinipokea stesheni. Alinionyesha kile chumba. Dirisha lilikuwa safi, godoro limefungwa bado kwenye nailoni, na alikuwa amempandia Mama mchicha kwenye debe uani. Nililiona lile debe nikalimwagia maji. Siku ya pili tukapanda basi pamoja kuja Korogwe, yeye akiwa na begi tupu la kuwekea nguo za Mama.

Alasiri tuliyofika mawingu ya vuli yalikuwa yamekwisha kujikusanya juu ya Usambara. Mama alikuwa ukumbini anapeta. Alitusalimia, akatupa maji, akaendelea kupeta.

"Wana mchwa?" aliniuliza.

"Wanao, Mama."

"Umeniletea nini?"

"Jibu tu. Shamba linaamka, nimeona kwa macho yangu. Ila ni miaka mitatu. Mwaka wa kwanza litakataa kabisa."

Omari alishusha pumzi. "Umesikia, Mama. Miaka mitatu. Mimi ninakupenda, siwezi kukuacha hapa na njaa miaka mitatu."

Mama alitua ungo. Alimtazama mwanawe kwa muda, bila hasira. "Omari, miaka mitatu ijayo nikiwa hapa, labda nitakuwa nimekufa, labda nitakuwa nakula kunde zangu. Nikiwa kwako nitakuwa nimekaa." Kisha akanigeukia. "Tunaanza na nini?"

"Na majani, Mama. Kufyeka na kuyalaza."

"Basi kabla mvua haijatukuta."

Kesho yake Omari alifyeka nasi, na suruali yake ya Dar ikaharibika kwa utomvu. Alirudi mjini na begi lake tupu, na kila mwisho wa mwezi, gari la Korogwe likija, lilikuja na unga wetu.

Mwaka wa kwanza mlitucheka, na mlikuwa na haki, tulikuwa na matuta mazuri yasiyo na kitu. Mwaka wa pili yakaota magugu, na Mama akaniita shambani kunionyesha kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Tukapanda kunde kipande cha juu, zikakubali.

Nilichojifunza katika safari ile si kikubwa. Nilikwenda kutafuta njia ya kumpa Mama mavuno kabla ya vuli, nikarudi nimejua kwamba njia hiyo haipo, na kwamba kumwambia kweli kulitosha. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Yeye alitaka tu kujua aanze na nini.

Miaka mitatu hakuifikia. Alifariki kiangazi cha mwaka ule wa pili, usingizini. Mlikuja wengi msibani, wakati unga wote ulikuwa umekwisha, na akina mama waliokuwa jikoni walipanda shambani kwake kuchuma walichokikuta. Omari alikula na wanaume uani. Aliporudisha sahani kuomba aongezewe, aliuliza kunde hizi zimenunuliwa wapi. Nikamwambia. Aliketi chini pale mlangoni jikoni akalia mpaka mabega yakatikisika. Kisha akanyoosha sahani, nikampakulia, akala zote.